Kumsoma Asiyesema

Mwaka jana nilijipa kazi ambayo niliiona nyepesi. Jirani yangu ana mtoto wa kiume, wakati huo akiwa na miezi 11, anasimama dede kwa kushika stuli. Jioni mama yake hutoka kwenda gengeni, mtoto akabaki barazani na bibi yake. Nikaomba nikae nao saa moja, na daftari langu, niandike kila afanyacho. Saa ilipokwisha nilikuwa na kurasa mbili: amefurahi, anadeka, amelichoka kopo lake, anamwonea paka wivu, amenuna. Nikazipeleka kwa rafiki yangu anayefundisha saikolojia ya makuzi chuoni. Alisoma mpaka mwisho, akacheka, akanirudishia.

"Humu nimekuona wewe," akasema. "Mtoto sijamwona."

Akaweka kidole juu ya neno "amenuna". Akaniuliza niliona nini hasa. Nikasema, alinuna. Akarudia: uliona nini? Midomo? Nyusi? Aligeuza mwili? Aligeukia wapi, na kwa muda gani? Sikuwa na jibu. Niliona kitu fulani usoni pa mtoto, nikakihukumu papo hapo, kisha nikaiandika hukumu kana kwamba ndiyo ushahidi. Karani wa mahakama akifanya hivyo, kesi huvunjika.

Tangu siku hiyo nawavulia kofia watu wa kazi hii. Wanaopimwa na kuhojiwa katika elimu nyingine, walau wanaweza kusema. Mtaalamu wa makuzi ya mtoto mchanga anamhoji mtu asiyejua swali ni nini, asiye na neno hata moja, anayesinzia katikati ya mahojiano, na ambaye kesho hatakuwa yule wa leo.

Si kwamba wazee wetu hawakutazama. Kiswahili chenyewe ni daftari la watazamaji wa kale. Kuna kukaa kitako, kuna kusota, kuna kutambaa, kuna kusimama dede, kuna kwenda tata. Mtu aliyetenganisha kusota na kutambaa, akaona kwamba dede si kusimama kamili na tata si kutembea kamili, alikaa chini akatazama watoto wengi. Mabibi wetu walikuwa na nadharia pia. Mtoto akidhoofika, akichelewa kutembea, walisema amebemendwa: wazazi wamekutana kabla hajaacha ziwa. Hiyo ni nadharia yenye sababu na matokeo. Ila haina mlango wa kutokea. Mtoto akidhoofika, imethibitika. Asipodhoofika, basi wazazi walijizuia. Mtoto mwenyewe hana namna ya kusema, bibi, hapa umekosea.

Na hapo ndipo naona ufundi wa watu hawa ulipo. Vyombo vyao vizuri ni vile vinavyompa mtoto nafasi ya kumkanusha mtu mzima.

Charles Darwin alikuwa na mtoto wa kwanza, William, aliyezaliwa tarehe 27 Desemba 1839. Baba mtu akaanza kuandika. Siku ya saba aligusa unyayo wa mtoto kwa kipande cha karatasi, mguu ukaruka na vidole vikajikunja. Yaliyomo ndani ya daftari lile aliyachapisha mwaka 1877 katika jarida la Mind, miaka 37 baadaye, mtoto mwenyewe akiwa mtu mzima. Kuna tukio moja humo nalipenda kuliko yote. Darwin alikuwa na desturi ya kumtolea mwanawe sauti za ajabu, na mtoto alizipokea kama mzaha. Siku moja, mtoto akiwa na miezi minne na kitu, baba alikoroma kwa nguvu. Mtoto akakunja uso, kisha akaangua kilio. Siku mbili tatu baadaye Darwin akakoroma tena, kwa kusahau. Mtoto akalia vilevile. Huko kusahau ndiko kulikomfaa: mara moja ingeweza kuwa gesi tumboni, mara mbili ni jambo la kuulizia. Watafiti wengi hutafuta fedha na vibali ili kurudia jaribio ambalo baba yule alilirudia kwa uzembe tu.

Kasoro ya daftari la namna ile inajulikana. Ni mtoto mmoja, wa nyumba moja, na anayeandika ni mzazi wake. Nani atamwamini mzazi kuhusu mwanawe? Pitia kliniki yoyote asubuhi ya kupima uzito, uwasikilize kina mama kwenye benchi. Wa huyu alitembea na miezi tisa, wa yule naye alikwishaanza kusema kabla hata hajaota meno.

Kwa hiyo wakatafutwa watoto wengi, na vyombo visivyo na upendo. Robert Fantz, mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani, alimlaza mtoto chali ndani ya kijisanduku, juu yake akatundika picha mbili, na yeye akachungulia kwenye tundu. Picha aliyokuwa akiitazama mtoto ilionekana imeakisiwa kwenye jicho lake mwenyewe. Kilichobaki ni kuhesabu sekunde. Hata watoto wa siku chache tu walikaza macho zaidi kwenye michoro kuliko kwenye karatasi tupu ya rangi moja. Wakati ule wapo waliofundisha kwamba mtoto mchanga karibu haoni. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wa chini ya siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti: ukinyonya kwa mwendo fulani, unasikia sauti ya mama yako, ukibadili mwendo, unasikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto wakapanga unyonyaji wao wampate mama. Mara zote mbili swali limeshushwa mpaka mahali mtoto anapoweza kulijibu kwa kile alicho nacho, jicho au ufizi. Hodari katika kazi hii hajiulizi mtoto anajua nini. Hujiuliza kwanza, mtoto anaweza kufanya nini, kisha anaegemeza swali lake hapo.

Mtoto akishaanza kusema, mtu angedhani kazi imekuwa rahisi. Kumbe ndipo mitego inapoanza, kwa kuwa sasa anaweza kukuridhisha.

Jean Piaget, Mswisi, alikuwa Paris karibu na mwaka 1920 akiwapa watoto mitihani ya akili iliyotungwa na wengine. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Yeye akavutwa na yale ya makosa, akaona yanafuata mpango: watoto wa rika moja hukosea namna moja. Kutoka hapo alijenga maisha yake yote, na jaribio lake mashuhuri kila mwanafunzi wa ualimu amelisikia. Bilauri mbili pana zenye maji sawa. Moja inamiminwa kwenye bilauri nyembamba ndefu. Mtoto anaulizwa kama maji bado ni sawa. Wadogo husema yameongezeka.

Patricia Greenfield alilipeleka jaribio hilo kwa watoto wa Kiwolofu nchini Senegal, akachapisha matokeo mwaka 1966. Watoto ambao hawakuwa shuleni wengi walisema maji si sawa, hata walipokuwa wakubwa. Angeweza kuishia hapo, akarudi kwao na hitimisho la kusikitisha kuhusu akili za watoto wa kijijini. Lakini alisikiliza sababu walizotoa. Baadhi walimwambia: kwa sababu wewe umeyamimina. Mtu mzima, mgeni, mwenye vyombo vya kioo, ameshika maji na maji yamebadilika. Ni nani wa kujua uwezo wake? Akabadilisha jambo moja tu. Akampa mtoto bilauri amimine mwenyewe. Sasa wengi zaidi wakasema maji ni yaleyale.

Mtu aliyelelewa huku kwetu atauelewa mtego huo bila kusoma kitabu. Mtu mzima akikuuliza jambo, ukajibu, kisha akakuuliza tena lilelile, umeshajua jibu la kwanza lilikuwa baya. Utalibadilisha upesi, kwa adabu. Na Piaget aliuliza mara mbili: kabla ya kumimina na baada ya kumimina. Wapo Wamarekani waliokuja kuligundua hilo katika miaka ya 1970, wakauliza mara moja tu, na watoto wakaonekana wana akili zaidi. Nadhani mwalimu yeyote wa madrasa angewaokolea muda.

Lakini anayenifanya niandike yote haya ni mwanamke mmoja aliyekuja Kampala mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi huko. Mary Ainsworth alikuwa ametoka London, alikofanya kazi na John Bowlby juu ya watoto waliotenganishwa na mama zao. Taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, pale Makerere, ilimkusanyia fedha kidogo. Aliazimia kuchunguza kuachishwa ziwa. Alikuwa amesikia kwamba Waganda wa Buganda wanapomwachisha mtoto humpeleka kwa bibi yake akae huko asahau ziwa. Kwa mtu wa fani yake ilikuwa kama jaribio lililokwisha kutayarishwa na mila: mtoto kabla ya kutengana, na mtoto baada ya kutengana.

Alipofika vijijini akakuta desturi ile karibu imekwisha. Wengi walikuwa wakiwaachisha watoto ziwa nyumbani kwao. Swali lililomtoa mbali halikuwa na pa kukaa.

Hapo mtu hukunja mkeka wake. Yeye aliendelea kwenda. Pamoja na Katie Kibuka, mwanamke wa Kiganda aliyemsaidia kuzipata familia na kumtafsiria, alitembelea familia 26 zenye watoto 28, wa mwezi mmoja mpaka miaka miwili, katika vijiji vya jirani na Kampala. Alikwenda kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa muda uliofika miezi tisa kwa baadhi yao. Alikwenda alasiri, saa ambazo wanawake wa Kiganda hupokea wageni, akaketi sebuleni walikoketi wageni wengine. Hakubuni chumba wala muda. Alijiingiza ndani ya adabu iliyokuwepo. Nafikiri ziara zile za mara kwa mara ndiyo siri yote. Mgeni akija mara moja, nyumba hujipanga: watoto wamevishwa, mwiko umefichwa. Akija mara ya sita, mihogo inaungua kama siku zote na mtoto anachapwa kibao mbele yake.

Na kwa kuwa hakuwa tena na swali lake, aliona. Mtoto anayetambaa alimwacha mama, akaenda mpaka mlangoni, akageuka kumtazama, akaenda tena, akarudi, akamgusa goti, akaondoka upya. Mama hakuwa akifanya lolote. Alikuwa ameketi tu akizungumza na wageni. Lakini safari zote za mtoto zilianzia kwake na kuishia kwake, kama ngalawa na ufuo. Mama akinyanyuka kutoka, safari zilikatika na kilio kikaanza. Ainsworth aliwagawa watoto: 16 waliokuwa na utulivu kwa mama zao, 7 wasio na utulivu, na 5 ambao bado hawakuonyesha kumshika mtu. Akatafuta kilichowatofautisha. Wingi wa maziwa haukuwa ndio. Kimoja kilichojitokeza kilikuwa cha ajabu kwa urahisi wake: mama aliyeweza kueleza habari za mtoto wake kwa undani, ambaye ukimuuliza kuhusu mtoto hahamii kwenye habari nyingine, ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Kwa maneno mengine, mtazamaji wa kutoka ng'ambo aligundua kwamba wale walioendelea vizuri zaidi walikuwa na mtazamaji mwingine nyumbani. Kitabu kilitoka mwaka 1967, kwa jina la Infancy in Uganda.

Jina la Kibuka haliko kwenye jalada. Ningetoa kitu kikubwa kupata daftari lake yeye, aliyesikia kila neno mara mbili, kwa Kiganda na kwa Kiingereza, na aliyejua lini mama anacheka kwa furaha na lini anacheka ili mgeni aende zake.

Kinachofuata kinajulikana zaidi, na kwa sababu hiyo nitakipita mbiombio. Ainsworth alihamia Baltimore, akarudia kazi ileile kwa familia 26 za huko, saa zipatazo 72 kwa kila mtoto katika mwaka wake wa kwanza. Lakini mtoto wa Baltimore, akiwa kwake, hakujali sana mama akitoka chumbani; amezoea. Ili aone tena kile alichokiona Buganda, ilimlazimu kutengeneza chumba kigeni, chenye vichezeo na mtu asiyejulikana, na kwa dakika kama 20 mama akatoka na kurudi, akatoka na kurudi. Watu wengi hudhani kipimo hicho kinahusu kilio mama anapoondoka. La. Kiini ni mlango unapofunguka tena: mtoto anafanya nini mama akirudi.

Dakika 20 ni rahisi kuzibeba kuliko saa 72, basi kipimo kikasafiri dunia nzima, na ziara za nyumbani zikabaki nyuma. Hapo ndipo nina kinyongo kidogo na fani. Chumba kile kilikuwa kifupisho cha kazi ndefu; wengi wakakichukua kifupisho wakidhani ndiyo kazi. Japani, watoto ambao hawajawahi kuachwa peke yao walilia hadi majaribio yakakatizwa. Ujerumani ya kaskazini, watoto waliofundishwa mapema kujitegemea walionekana baridi. Je, hao wote wana kasoro, au chombo kinapima kitu kingine kikivuka bahari?

Jibu ninalolipenda lilipatikana Kisii, Kenya. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1986, walitazama watoto wa Kigusii wakirudiwa na mama zao, na pia wakirudiwa na wale wadogo wanaowabeba mchana kutwa, dada na binamu. Wagusii husalimia watoto wao kwa kupeana mkono. Mtazamaji aliyefunzwa Baltimore angesubiri mtoto arushe mikono yote miwili abebwe, akumbatiwe, na asipoona hivyo angeandika kwamba amekosa upendo. Wao waliangalia mkono mmoja. Mtoto mtulivu aliunyosha wote mbele kwa hamu, kama mtu mzima anayemwona ndugu yake stendi; mwenye wasiwasi aliuvuta nyuma au akaukwepa. Kipimo ni kilekile, kimesomwa kwa lugha ya nyumba.

Nyanda hizohizo za juu za magharibi mwa Kenya zina kisa kingine. Katika miaka ya 1950 watafiti walisema kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea, wengine wakakimbilia kutaja damu na asili. Charles Super alikaa Kokwet, kwa Wakipsigis, akafanya jambo ambalo huwa halifanywi: akawauliza mama wanafanya nini. Wakamwambia wanafundisha. Mtoto wanamkalisha katika kishimo kifupi kilichochimbwa ardhini, kimezungushiwa nguo za kumshikilia. Wanamwendesha kwa kumshika. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, ndiyo. Lakini katika yale ambayo hakuna aliyewafundisha, kama kutambaa, hawakuwatangulia. Kama ni damu, ingechagua vipi kufika kiunoni na kuacha magoti?

Mtu mwingine wa kumtaja ni Robert Serpell, ambaye mwaka 1979 aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, Manchester waliongoza. Kwa udongo, hapakuwa na mshindi. Kwa waya, Lusaka wakawaacha mbali. Kila aliyewahi kutengeneza gari la waya lenye usukani mrefu, magurudumu ya vifuniko vya soda, anajua kwa nini. Na kwa miaka mingapi watoto hao walikuwa wakipimwa kwa penseli tu? Kilifi, kwenye pwani yetu, watafiti wameunda kipimo chao cha makuzi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vitu ambavyo mtoto wa huko anavifahamu, wakakichapisha mwaka 2008. Kazi kama hiyo haitangazwi redioni. Inataka mtu aulize mara mia kama kijiti, kopo au punje ya hindi kinamshangaza mtoto au kinamchosha.

Muda nao ni chombo, na ni ghali kuliko vyote. Ukitaka kujua mnazi hukua vipi, unaweza kuingia shambani siku moja ukapima michanga, ya kati na ya kale, ukamaliza kabla ya adhuhuri. Ila mnazi wa kale uliota mwaka wa mvua nyingi, mchanga umeota kwenye ukame. Umepima umri au umepima mvua? Njia nyingine ni kupanda na kungoja. Dunedin, New Zealand, waliwachukua watoto 1,037 waliozaliwa kati ya Aprili 1972 na Machi 1973, na bado wanawapima. Walipofika miaka 45, asilimia 94 ya waliokuwa hai walirudi. Mimi nimeshindwa kuwakusanya ndugu zangu wote kwa arusi moja. Waanzilishi wa kazi kama ile hupanda kivuli watakachokikalia wengine.

Baada ya rafiki yangu kunicheka, nilirudi barazani. Mara ya pili sikufanya vizuri. Mara ya tatu niliweka saa juu ya stuli na nikajikataza maneno yote ya moyoni.

Saa 11:04 jioni: anaacha kopo. Anakaa kitako. Midomo imefungwa. Nyusi zimeshuka. Macho yako kwenye pembe ya ukuta wa jirani. Bibi anamwita jina, hageuki. Saa 11:05: bibi anamwonyesha kopo, mtoto anausukuma mkono wake. Macho palepale. Saa 11:06: bado. Saa 11:07: mama yake anatokea kwenye pembe ya ukuta, kikapu kichwani, ndara zinapiga sakafu. Mtoto anaruka kwa makalio, mikono juu.

Dakika tatu nzima alikuwa akisikia kitu ambacho mimi na bibi hatukukisikia, au akingoja saa aliyoizoea kuliko sisi. Sijui ni kipi kati ya hivyo viwili. Ingebidi siku moja mama apitie njia nyingine. Nikafunua daftari la siku ya kwanza, nikatafuta pale nilipoandika "amenuna". Sikuwa nimeandika saa.